Mshumaa wa nyumbani unaozama na kuzima: tatizo ni utambi, nta iache kwanza

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Morogoro, nimeanza karibuni kutengeneza mishumaa ya kuuza. Nanunua parafini ya vipande, na katika kila kilo naweka stearini, ile ya kugumisha nta, gramu 300 kama nilivyoelekezwa. Kwa rangi natumia kreyoni za watoto, na kwa harufu naweka pafyumu ya kupuliza. Utambi nasokota mwenyewe kwa uzi wa kufumia, nyuzi tatu. Mishumaa ya kwenye glasi, ambayo mdomo wake ni sentimita 8, inawaka vizuri kama nusu saa, kisha moto unakuwa mdogo, unachimba shimo katikati na kuzama kwenye nta yake. Ile myembamba ya sentimita 2 ninayoitoa kwenye kalibu inafanya kinyume: moto mrefu, moshi mweusi, nta inatiririka hadi mezani. Wateja wameanza kurudisha. Je, nimeuziwa nta mbovu? Nihamie nta ya nyuki?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kuandika swali lenye vipimo. Wengi huniandikia tu kwamba mshumaa hauwaki vizuri, nami nabaki kukisia. Wewe umetaja upana wa glasi, unene wa mshumaa, idadi ya nyuzi na gramu za stearini, na jibu limo humo humo. Nta yako usiilaumu bado. Angalia: nta ni ile ile, utambi ni ule ule, lakini kwenye glasi ya sentimita 8 moto unakufa kwa njaa, na kwenye mshumaa wa sentimita 2 moto unapata chakula kupita kiasi. Nta ikiwa mbovu huharibu kotekote kwa namna moja. Wewe una utambi mmoja uliopewa kazi mbili zisizolingana, na juu ya hapo umeuzibia njia kwa kreyoni.

Ili uone kwa nini, inabidi kwanza ujue ni kitu gani hasa kinachowaka. Nta ngumu haiwaki, wala nta iliyoyeyuka haiwaki ikiwa imetulia tu. Joto la moto huyeyusha nta iliyo chini yake, utambi huinyonya na kuipandisha kama utambi wa kibatari unavyopandisha mafuta ya taa, na ikifika juu inageuka mvuke. Mvuke huo ndio unaowaka. Unaweza kuushuhudia leo jioni. Washa mshumaa wowote mzuri wa dukani sehemu isiyo na upepo, uache uwake dakika kadhaa, kisha uuzime taratibu. Utaona uzi wa moshi mweupe ukipanda. Sogeza kiberiti kinachowaka kwenye moshi huo, juu kidogo ya utambi bila kuugusa, na moto utashuka kwenye moshi hadi kwenye utambi na mshumaa utawaka tena. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday aliwaonyesha vijana jambo hili katika mihadhara yake ya Krismasi pale Royal Institution, taasisi ya sayansi jijini London, mwisho wa 1860 na mwanzo wa 1861. Mihadhara yote ile ilihusu mshumaa tu, na hakuishiwa la kusema.

Kwa hiyo moto wa mshumaa unajilisha wenyewe. Utambi ukipandisha nta kidogo, moto unakuwa mdogo. Moto mdogo unayeyusha eneo dogo. Kuta za pembeni zinabaki ngumu, na moto unashuka ndani ya shimo lake. Humo nta iliyoyeyuka haina pa kwenda, inajaa hadi kuufunika utambi, na mshumaa unazima. Hicho ndicho kinachotokea kwenye glasi zako. Utambi ukipandisha nta nyingi kuliko hewa inavyoweza kuichoma, sehemu ya mvuke inabaki bila kuungua sawasawa na inatoka kama masizi. Wakati huo huo moto ule mkubwa unayeyusha ukingo wa mshumaa mwembamba, nao ukivunjika upande mmoja nta yote inamwagika. Hicho ndicho kinachotokea kwenye ile myembamba.

Sasa tuanze na uzi wenyewe, kwa sababu nina wasiwasi nao kuliko kitu kingine chochote ulichotaja. Uzi wa kufumia unaouzwa madukani mara nyingi si pamba tupu. Mwingi ni akriliki au poliesta, au pamba iliyochanganywa, na kwa macho huwezi kutofautisha. Kata kipande cha urefu wa kidole, kishike kwa koleo au kibanio juu ya sahani, na ukiwashe mwisho mmoja. Pamba inashika moto mara moja, inanuka kama karatasi inayoungua, na majivu yake ni ya kijivu, laini, ukiyagusa baada ya kupoa yanasagika. Uzi wa plastiki unajikunyata ukiukimbia moto, unayeyuka, unanuka vibaya, na mwisho wake unabaki donge gumu jeusi ambalo huwezi kulivunja kwa kucha. Ukiona donge hilo, uzi huo hautengenezi utambi. Ukishayeyuka hakuna tena njia ya nta kupanda, na moshi wake si wa kuvutwa ndani ya nyumba yenye watoto.

Tuseme uzi wako ni pamba kweli. Bado umeusokota, na utambi wa kusokota una tatizo la tangu zamani: unasimama wima katikati ya moto, hauungui mwisho wake, unazidi kurefuka na kuota donge jeusi kichwani. Zamani za Ulaya watu walikuwa na mkasi maalumu wa kukatia tambi, na kazi hiyo ilirudiwa rudiwa usiku kucha. Mambo yalibadilika miaka ya 1820, pale Mfaransa Jules de Cambacérès alipoleta utambi wa kusuka. Utambi uliosukwa hujikunja kadiri unavyowaka, ncha yake ikatoka kwenye ukingo wa moto penye hewa nyingi, na huko inaungua na kuwa majivu. Urefu unajirekebisha wenyewe. Kwa hiyo suka, usisokote. Msuko wa nyuzi tatu kama wa nywele unatosha kuanzia, na uwe umekazwa sawasawa toka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu mahali ulipolegea moto utapanda na mahali ulipobana utashuka.

Utambi wa kusuka nyumbani unafaa uloweshwe dawa. Kanuni ya siku nyingi ni kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, kijiko kikubwa kimoja cha chumvi na vijiko vikubwa viwili vya boraksi, ambayo utaipata kwa wauza kemikali. Loweka nyuzi usiku kucha, kisha zianike zikauke kabisa, siku mbili au zaidi kama kuna unyevu. Boraksi inapunguza kasi ya kuungua na kuufanya utambi uishie majivu badala ya kaa jekundu linaloendelea kufuka ukishazima mshumaa. Vaa glavu, na kikombe ulichotumia kisirudi jikoni. Ukiweza kupata utambi wa kusukwa kiwandani, unaouzwa kwa mita au kwa roli, nunua huo. Naupendekeza kwa yeyote anayeuza, kwa sababu roli nzima ina unene mmoja, na utakachojifunza leo kitakuwa kweli hata mwezi ujao.

Wa kiwandani au wa nyumbani, usiuweke kwenye kalibu ukiwa mkavu. Uchovye kwenye nta ya moto, uuache hadi viputo vya hewa viishe kutoka, uutoe, uunyooshe kwa vidole ukiwa bado na joto, na uulaze juu ya karatasi ugande. Utambi ambao haukuchovywa una hewa ndani yake. Unawaka haraka mwanzoni kwa pamba yake yenyewe kabla nta haijafika, unafupika, kisha unazidiwa na nta. Wanaoanza wengi wanaruka hatua hii kwa sababu inaonekana ndogo, nami nasisitiza usiiruke.

Nikija kwenye kreyoni, hizi nakuomba uziache leo. Rangi yake ni unga usioyeyuka kwenye nta, unaelea tu. Utambi unaponyonya nta, unga unasafiri nayo na kukwama kwenye njia ndogo ndogo za pamba, kidogo kidogo, mpaka nta haipiti tena. Ndiyo maana mshumaa wako unawaka vizuri nusu saa ya kwanza kisha unaanza kufifia: utambi ulikuwa bado safi. Ukitaka kuhakikisha, chukua glasi moja iliyozima, mimina nta yoyote iliyo majimaji, acha ipoe, halafu chomoa utambi na uutazame kwenye mwanga wa dirisha. Kama umezibwa, utakuta ncha fupi, nyeusi, ngumu, na chini yake milimita chache zenye rangi iliyokolea kuliko rangi ya nta yenyewe. Hapo ndipo rangi ilipokusanyika. Unaweza pia kuyeyusha nta yenye kreyoni kwenye chupa ya kioo na kuiacha kwenye maji ya moto kwa saa kadhaa bila kuitikisa. Unga utashuka chini uuone.

Tumia rangi za mishumaa zinazoyeyuka kwenye mafuta. Zinauzwa kama chenga au vipande, na kiasi kidogo mno kinatosha kilo nzima. Rangi ya chakula ya maji haichanganyiki na nta kabisa. Inakaa chini kwa matone, na tone hilo likifikiwa na moto mshumaa unatatarika na kurusha nta. Mpaka upate rangi sahihi, uza mishumaa myeupe. Mshumaa mweupe unaowaka mpaka mwisho utakuletea mteja tena.

Pafyumu ya kupuliza ndiyo iliyonishtua zaidi katika barua yako, na hapa naongelea usalama wako. Pafyumu hizo sehemu kubwa ni spiriti. Spiriti inachemka kwenye nyuzijoto 78 hivi, na nta yako ukiimimina inakuwa kwenye joto hilo au zaidi. Ukiitia, inageuka mvuke papo hapo, harufu inaondoka nayo, na mvuke wenyewe unashika moto kwa urahisi. Kama jiko la mkaa liko jirani, unaweza kuungua uso. Harufu ya mishumaa iwe ya mafuta: manukato ya mafuta yaliyotengenezwa kwa ajili ya mishumaa, au mafuta ya mimea kama mchaichai na mkaratusi. Wapo wanaotumia mafuta ya karafuu ya Pemba, nayo ni mazuri sana, ila ni makali. Anza na kidogo. Kwa parafini gramu 30 hadi 50 kwa kilo ni kiasi cha kawaida, na unatia baada ya kuepua sufuria, unakoroga taratibu dakika mbili. Usizidishe ukidhani harufu itaongezeka. Mafuta yaliyozidi hayashikwi na nta. Yanatoka jasho juu ya mshumaa, na yakiingia kwenye utambi moto unafuka.

Stearini gramu 300 kwa kilo ni nyingi bila sababu. Kazi yake ni kuugumisha mshumaa, kuufanya mweupe usiopenyeza mwanga, na kuusaidia utoke kwenye kalibu. Kwa mshumaa wa kalibu gramu 50 hadi 100 zinatosha. Kwa mshumaa wa glasi, ambao hautoki kokote, waweza kuiacha kabisa. Siyo sumu kwa mshumaa, na kuna mishumaa ya stearini tupu inayowaka vizuri sana, lakini kila ukibadilisha mchanganyiko utambi nao unabidi upimwe upya, na wewe hapo unalipia kitu kisichokusaidia.

Baada ya kuondoa kreyoni, pafyumu na stearini ya ziada, inabaki kazi yenyewe: kutafuta unene wa utambi kwa kila upana. Hapa siwezi kukupa namba moja ya kufanya kazi kwa kila mtu, maana pamba hazifanani wala parafini hazifanani. Naweza kukupa njia. Chukua glasi nne zinazofanana za sentimita 8. Yeyusha nta ya zote kwa pamoja, nyeupe, bila harufu. Glasi ya kwanza iwekee msuko wa nyuzi tatu, ya pili nyuzi sita, yaani msuko wa tatu ambapo kila shina ni nyuzi mbili, ya tatu nyuzi tisa, ya nne kumi na mbili. Bandika karatasi kwenye kila glasi uandike. Ziache hadi kesho yake. Kisha kata kila utambi ubaki na urefu wa milimita 6, ziwashe kwa wakati mmoja mezani pasipo na feni wala dirisha lililo wazi, na uache zikiwaka kwa saa tatu. Usiondoke.

Baada ya saa tatu chukua rula upime dimbwi la nta iliyoyeyuka kuzunguka kila utambi. Unachotafuta ni dimbwi linalokaribia ukingo wa glasi, lenye kina cha sentimita 1 hivi, na moto wa urefu wa sentimita 2 hadi 3 uliotulia bila moshi. Dimbwi likiishia nusu ya njia, utambi huo ni mwembamba. Likifika ukingoni ndani ya saa moja, na moto ukiruka ruka, utambi ni mnene mno.

Lakini usikimbilie kuchagua ule unaofika ukingoni upesi. Watu wengi hukosea hapa, hata waliokwisha kuanza kuuza. Mshumaa wa glasi hauwaki kwa joto lile lile toka juu hadi chini. Ukiwa juu, joto linatoka nje kirahisi. Ukishuka, kuta za glasi zinalizuia, na dimbwi linapanuka lenyewe. Utambi ulioacha ukuta mwembamba wa nta siku ya kwanza mara nyingi utausafisha siku ya pili na ya tatu. Utambi uliokuwa sawasawa kabisa siku ya kwanza utakuwa mkali ukifika chini, glasi itaungua mkono, na glasi nyembamba za vinywaji zinapasuka. Kwa hiyo zima baada ya saa tatu, acha zigande kabisa, kata tambi tena zirudi milimita 6, washa tena kesho, hivyo hivyo hadi mwisho wa glasi. Andika kila siku. Mpaka uione glasi moja imeisha yote kwa usalama, usiuze nyingine za aina hiyo.

Kwa ile myembamba ya sentimita 2 fanya vivyo hivyo ukielekea upande wa pili. Nyuzi tatu zako za kufumia huenda ni nene kwake. Jaribu kusuka uzi mwembamba zaidi wa pamba. Ukiona moshi mweusi, kabla ya kulaumu unene, angalia urefu. Utambi wa sentimita mbili kwenye mshumaa mwembamba utatoa moshi hata kama unene wake ni sahihi. Na kama nta inatiririka upande mmoja tu, mara zote ule ule, chunguza upepo chumbani au uone kama utambi umekaa pembeni. Kuuweka katikati, upitishe kwenye tundu la chini ya kalibu, uuzibe kwa udongo laini, juu uufunge kwenye mti wa mishikaki uliolazwa mdomoni mwa kalibu, kisha ukaze.

Kuna jambo jingine ambalo hukulitaja ila nadhani unalo, kwa sababu kila anayetumia parafini analo. Parafini inasinyaa ikipoa. Juu inaganda kwanza, ndani bado majimaji, na ndani inapokuja kuganda inaacha uwazi kandokando ya utambi, wakati mwingine bila dalili yoyote kwa nje. Moto ukifika kwenye uwazi huo, nta iliyoyeyuka inazamia shimoni yote mara moja, utambi unabaki mrefu bila chakula, unatoa moshi, kisha unafifia. Mteja anaona mshumaa uliokuwa mzuri umeharibika ghafla katikati. Dawa yake ni rahisi. Ukishamimina, subiri juu pagande kama ngozi, toboa kwa mti wa mishikaki sehemu mbili tatu karibu na utambi, na endelea kufungua matundu hayo nta inapozidi kupoa. Ikishaganda, yeyusha nta kidogo uliyoibakiza na ujazie. Kwa mshumaa wa sentimita 2 hili si tatizo kubwa. Kwa glasi ya sentimita 8 ni la lazima.

Maji pia yaangalie. Nta inayeyushwa kwa sufuria ndani ya sufuria, ya nje ina maji, ya ndani ina nta, na kamwe si moja kwa moja juu ya moto. Lakini maji hayo yakichemka kwa nguvu yanarukia ndani, na kalibu zilizooshwa bila kukaushwa nazo zinaingiza maji. Ukisikia mshumaa unatatarika, umepata jibu. Punguza moto, na kalibu zifutwe kwa kitambaa kikavu hata kama zinaonekana kavu.

Umeuliza kuhusu nta ya nyuki. Naipenda sana, na nchi yetu imejaliwa. Nta ya misitu ya miombo ya Tabora inasafirishwa hadi ng'ambo. Ila kwa tatizo lako haitakuokoa. Inayeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 65, ikishayeyuka ni nzito kuliko parafini, na inapanda kwenye utambi kwa shida zaidi. Uzi wako wa sasa ambao umeshindwa na parafini ungeshindwa mapema zaidi na nta ya nyuki, halafu ungepoteza fedha nyingi, maana bei yake si mchezo. Tena ile inayouzwa na wafugaji mara nyingi ina mabaki ya asali na takataka za mzinga, ambazo zinaziba utambi kama kreyoni. Lazima uiyeyushe kwenye maji ya moto, uichuje kwa kitambaa, uiache igande juu ya maji, ukwangue uchafu ulioshikamana chini, na urudie mpaka iwe safi. Ukishaimudu parafini, ijie nta ya nyuki ukiwa na msuko mnene na subira.

Kuhusu parafini yenyewe, kitu kimoja cha kumwuliza muuzaji ni joto lake la kuyeyuka. Kwenye mfuko au katoni huandikwa namba kama 58/60. Kwa hali ya hewa yetu hiyo inafaa. Ukiuziwa ya nyuzijoto 50 au chini, mishumaa ya kalibu itapinda ikikaa dukani penye jua, na itatiririka hata kwa utambi mzuri. Ikande kwa vidole kidogo: ikiacha mafuta mkononi, haikusafishwa vizuri, na hiyo nayo huleta moshi.

Mishumaa iliyorudishwa usiitupe, wala usimpe mteja mwingine. Iliyo kwenye glasi iweke ndani ya maji ya moto, taratibu, toka vuguvugu hadi moto ili glasi isipasuke, toa utambi, chuja nta kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara kadhaa. Unga mwingi wa kreyoni utabaki kwenye kitambaa na chini ya chombo, ila si wote, kwa hiyo nta hiyo itumie nyumbani kwako umeme ukikatika, si kwa kuuza. Kama mteja anataka kuutumia wake hivyo hivyo, mwambie aufunike mdomo wa glasi kwa foili akiacha tundu katikati la upana wa sarafu kubwa, awashe kwa saa moja hadi mbili akiwa karibu. Joto likizuiwa, kuta za pembeni zitayeyuka na dimbwi litasawazika. Foili itakuwa ya moto, asiishike kwa mkono mtupu.

Na unapouza, mweleze mnunuzi mambo machache, au uyaandike kwenye kikaratasi. Mara ya kwanza auwashe hadi dimbwi likaribie ukingoni, kwa glasi yako ni saa tatu hivi, kwa sababu akiuzima baada ya dakika ishirini utachimba shimo hata ukiwa umetengenezwa na fundi bora. Akate utambi kila kabla ya kuwasha. Asiuache uwake zaidi ya saa nne mfululizo, na auzime nta ikibaki sentimita moja chini. Wewe mwenyewe ukiwa jikoni, weka mfuniko wa sufuria karibu na mkono wako muda wote. Nta ikishika moto, funika, zima jiko, na usiguse mpaka ipoe. Maji kamwe yasimwagwe juu ya nta inayowaka. Yanageuka mvuke kwa mara moja na kurusha moto chumba kizima.

Anza na zile glasi nne wiki hii. Ukimaliza niandikie idadi ya nyuzi, upana wa dimbwi baada ya saa tatu siku ya kwanza, na hali ya glasi ilipofika chini ilikuwaje. Kwa hayo nitaweza kukwambia uongeze uzi mmoja au upunguze, na tukishapata glasi ndipo tutahamia kwenye ile myembamba.